Nauli ya Kwenda Kucheza Ugenini

Garbatulla hakuna klabu ya lakrosi. Nalisema mapema, asije msomaji akanifuata zaidi ya kilomita mia moja mashariki ya mji wa Isiolo akitarajia kuoneshwa vikombe ndani ya kabati la kioo. Kuna uwanja wa changarawe, kuna vijana wanaopiga mpira wa miguu kila jua likipoa, na kulikuwa na fimbo chache za lakrosi nilizozibeba mimi ndani ya gunia lililowahi kuwa la sukari.

Fimbo hizo ni za rafiki yangu anayecheza mchezo huo Nairobi. Ana imani moja, na huirudia hadi inachosha, kwamba mtoto aliyekulia nyuma ya ng'ombe na fimbo mkononi atajua lakrosi kwa alasiri moja, mchezo ambao sisi wa mjini tunahangaika nao miezi. Mimi kwa wakati huo nilikuwa nasoma habari za klabu za zamani za mchezo huu, zile za Montreal na za kaskazini mwa Uingereza. Historia za klabu nyingi huandikwa vibaya: orodha ya wenyeviti, orodha ya mabao, picha ya wanaume waliokunja mikono. Lakini chini ya orodha hizo kila mara nilikuta jambo lile lile, nauli. Nani alilipiwa safari, nani alinyimwa, nani alizuiwa njiani. Nikaona nizipeleke fimbo hizo mahali ambapo safari yenyewe ndiyo mechi ngumu kuliko zote. Ubishi wa rafiki yangu ulikuwa kisingizio.

Pale stendi ya Isiolo gari la Garbatulla haliondoki kwa saa. Linaondoka likijaa, na kujaa kwake hakuna uhusiano na idadi ya viti. Land Cruiser tuliyopanda ilikuwa imeshiba unga, mafuta ya kupikia, mabati na vifurushi vya miraa vilivyofungwa kwa majani ya mgomba kabla hajapanda mtu hata mmoja. Ng'ambo ya barabara akina mama walikuwa wakipanga mitungi ya plastiki ya maziwa ya ngamia, maziwa yanayotoka malishoni, yanapitia Isiolo na kushuka hadi Eastleigh. Kwa maziwa, njia ya kwenda Nairobi imefunguka. Kwa timu ya mpira bado ni mazungumzo.

Barabara hiyo inayokwenda Modogashe, kisha Wajir hadi Mandera, inajengwa upya kwa fedha zikiwemo za Benki ya Dunia, zaidi ya kilomita 700 kwa jumla. Kuna vipande vya lami unaposahau kuwa uko njia ya kaskazini, na kuna vipande ambapo uti wa mgongo unakukumbusha. Kushoto ni tambarare inayoteremka kuelekea mto Ewaso Ng'iro. Kulia, kwa mbali, vilima vya Nyambene vimekaa na mawingu yao, mvua ya wenzetu Wameru, ambayo watu wa Garbatulla huiona vizuri sana bila kunyeshewa.

Karibu na Kulamawe tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari mmoja alipapasa gunia langu, akafungua, akatoa fimbo yenye kikapu cha nyavu kichwani, akaitazama kwanza upande mmoja kisha upande wa pili. Akaniuliza kama nakwenda kuvua samaki. Gari zima likacheka, naye akacheka, na nikapewa ruhusa ya kwenda kuvua samaki Garbatulla. Lakini kabla ya kicheko hicho nilikuwa nimeona jambo jingine. Askari hakuwa amefungua kinywa, na abiria wote walikuwa tayari wameshika vitambulisho mkononi. Mzee aliyeketi mbele yangu alikitoa chake shingoni, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni na uzi, kama watu wanavyobeba hirizi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado napekua mifuko.

Wepesi huo wa mikono una miaka mingi. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, ambayo ilimtaka mtu awe na kibali cha kuingia au kutoka. Mwaka 1909 ukachorwa mstari wa kuwatenga Wasomali na wale ambao Waingereza waliwaita Wagalla, na mifugo ikaambiwa isivuke. Miaka ya 1920 wilaya nzima ya mpaka wa kaskazini ikafungwa, na sheria ya 1934 ikawapa maofisa mamlaka ya kuwaamuru watu wa kabila gani wakae wapi. Waborana wa Waso, ambao ndio wenyeji wa Garbatulla leo, walifika kando ya mto Ewaso Ng'iro wakati wa mivutano hiyo hiyo ya mipaka na malisho. Uhuru ulipokuja haukufungua lango. Juni 1963, kwenye njia hii hii upande wa Modogashe, waliuawa Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya (DC) wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, na chifu Haji Galma Dido. Wanairobi wanapita mtaa wa Wabera kila siku wakitafuta benki, na sidhani wengi wanajua mtu huyo alikufa akiwa safarini.

Garbatulla yenyewe ni mji wa visima. Kabla ya ofisi za kaunti ndogo, kabla ya maduka na shule, palikuwa na maji, na maji ndiyo yaliyowakutanisha watu. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kuangalia ng'ombe wakinyweshwa. Vijana walikuwa ndani ya kisima wakipitishiana ndoo kutoka mkono hadi mkono, juu yake birika la udongo lilikuwa limesuguliwa likang'aa, na nyuma ya birika makundi ya mifugo yamesimama mbalimbali kila moja likijua zamu yake. Zamu hiyo hupangwa na abba herega, mzee mwenye dhamana ya ratiba ya maji, na neno lake halipingwi hovyo. Juu yake liko baraza la dedha, linaloamua malisho ya wakati wa mvua, ya kiangazi, na yale yanayowekwa akiba hadi ukame ubane kwelikweli. Wanaoamini kwamba wafugaji wanazurura tu wangekaa hapo kisimani nusu saa.

Mwalimu mmoja wa shule ya huko ndiye aliyenipokea. Anafundisha jiografia na, kwa kuwa hakuna mwingine, anafundisha pia michezo. Alinionesha uwanja. Milango ya goli ni ya mbao, haina nyavu, na mstari wa kati huchorwa kwa kuburuta kisigino. Upande wa mashariki kichaka cha mathenge kimeota hadi kwenye mstari wa pembeni, na mpira ukiingia humo mchezo husimama, kwa maana miiba yake haina utani na mpira wala na mguu. Mechi huanza baada ya swala ya alasiri na hukatwa na adhana ya magharibi, hata kama matokeo ni sare na mtu amebaki peke yake na kipa.

Nilimuuliza historia ya timu ya mji. Nilitarajia mwaka wa kuanzishwa. Akanijibu kwa mvua. Timu huwa kamili mvua zikiwa nzuri, kwa sababu mifugo iko karibu na vijana wanalala nyumbani. Kiangazi kikibana, beki wa kati yuko na ngamia siku mbili kutoka mjini, na winga amekwenda Isiolo kutafuta kibarua. Katika ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipopotea mfululizo, timu ilibaki watoto wa shule na wauza duka. Kwa hiyo orodha ya wachezaji inayotakiwa na waandaaji wa ligi, majina na namba za vitambulisho yakabidhiwe mapema, hapa huwa imepitwa na wakati kabla wino haujakauka.

Halafu kuna umbali. Kinna iko kusini, njia ya Maua, na ndiko karibu. Modogashe ni mashariki. Merti iko ng'ambo huko chini ya mto na ni safari ya kufunga kibwebwe. Shule zikishinda mechi zao za kaunti huingia mashindano ya kanda ya Mashariki, na kanda hiyo inakwenda hadi Machakos na Makueni. Mtoto wa Garbatulla anaweza kushinda mechi Isiolo kisha akakaa barabarani siku nzima ili akacheze dakika sitini. Timu ya mtaani haina basi la shule. Husubiri lori lililoshusha mbuzi mnadani, lirudi tupu, dereva akubali kuwapakia kwa bei ya huruma. Mwalimu alinieleza jinsi mchango unavyokusanywa: wenye maduka wanatoa kidogo, mwakilishi wa wadi anaahidi, mfanyakazi wa shirika fulani ananunua maji ya chupa na kupiga picha. Mipira ya msaada haikosekani, alisema. Kinachokosekana ni dizeli, na dizeli haipendezi kwenye picha.

Alasiri hiyo tulizitoa fimbo. Kwa asiyewahi kuiona, fimbo ya lakrosi ina mpini wa alumini na kichwa cha plastiki chenye kikapu cha nyavu, na mpira wake ni wa raba ngumu, mdogo kidogo kuliko wa tenisi. Mpira haushikwi kwa mkono. Unauokota chini kwa kikapu, unakimbia nao huku ukiyumbisha fimbo ili usidondoke, unamrushia mwenzako naye anaudaka kwa kikapu chake. Ukisoma maelezo hayo unaona ni rahisi.

Kijana wa kwanza aliipokea fimbo na, kabla ya kuambiwa lolote, akaiweka mabegani nyuma ya shingo, mikono yote miwili ikaning'inia juu ya mpini, akasimama kwa mguu mmoja. Ndivyo wachungaji wanavyosimama. Wenzake wakamcheka kwa kuwa kikapu kilikuwa kimemkaa sikioni. Alipoanza kurusha, kicheko kikaisha. Alirusha kama anayemzuia ndama asiingie shambani, kwa kiwiko na bega, na mpira ukapita juu ya goli, juu ya mathenge, ukatua kwenye ua wa watu. Rafiki yangu wa Nairobi angefurahi. Hata kwa kulenga hawakuwa wabaya. Waliweka mkebe wa rangi juu ya mlingoti wa goli na haukudumu.

Kudaka ndiko kulikomkanusha rafiki yangu. Fimbo ya mchungaji hutoa, haipokei, na kila mpira uliokuja waliupiga kama jiwe linalowajia usoni. Raba ikigonga plastiki, mpira chini. Tena, mpira chini. Na kuuokota kwenye changarawe ni kazi nyingine, kwa sababu kikapu kinachota mpira pamoja na kokoto, na ukiyumbisha fimbo kunasikika mlio wa kayamba. Aliyedaka wa kwanza alikuwa msichana wa sekondari, hijabu yake imefungwa vizuri nyuma na suruali ya michezo chini ya gauni, ambaye kwa muda mrefu alikuwa kando akitazama wavulana wakiaibika. Alichukua fimbo, mpira ulipomfikia akairudisha nyuma kidogo pamoja nao, ukaingia ukakaa. Akarudia. Mwalimu akamwambia awafundishe wengine, naye akauliza kama mchezo huu wasichana wanaucheza huko unakotoka.

Nilimwambia wanaucheza tangu 1890, kwenye shule ya wasichana ya St Leonards huko Scotland, na kwamba Agosti 2019 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 19 walikwenda Peterborough, Kanada, kwenye mashindano ya dunia, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika huko. Nikamsimulia pia habari iliyosambaa wakati ule: wapinzani wao wa Ubelgiji waliviona viatu walivyochezea Wakenya, wakachangishana na wazazi wao, wakawanunulia viatu vya njumu. Akatazama miguu yake, ndala za plastiki, akataka kujua ni nani aliyewalipia ndege.

Swali hilo nililibeba hadi usiku, kwenye hoteli ya chai ambapo mwalimu aliniitia wazee wawili watatu. Chai ilikuwa ya maziwa mengi na tangawizi, na mandazi yalikuwa ya asubuhi. Mzee mmoja, mwenye ndevu zilizotiwa hina, alitaka kujua mchezo huu ni wa nani hasa, maana kila mchezo una wenyewe.

Nikaanza na wenyewe. Ni mchezo wa mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, Wahaudenosaunee na majirani zao, ambao waliucheza kwa ibada, kwa kutibu wagonjwa na kwa kumaliza ugomvi, vijiji kwa vijiji, uwanja ukiwa mbuga nzima. Nikawasimulia ngome ya Michilimackinac, Juni 1763. Waojibwe walicheza nje ya lango, askari wa Uingereza wakatoka kutazama, mpira ukarushwa ndani ya ngome, wachezaji wakaufuata, na wanawake waliokuwa wamesimama hapo wamejifunika mablanketi wakawapa silaha walizozificha humo. Ngome ikatekwa. Kisa hiki hakikuhitaji kurudiwa. Mzee wa hina alikicheka hadi akaweka kikombe chini, akasema huyo aliyepanga jambo hilo alikuwa mtu mzima.

Kisha nikafika kwenye klabu. Montreal Lacrosse Club iliundwa 1856, na miaka kumi na moja baadaye daktari wa meno wa mji huo, George Beers, akachapisha kanuni: uwanja wenye mipaka, idadi ya wachezaji, mpira wa raba. Mwaka 1876 aliwavusha bahari wachezaji Wazungu wa Montreal pamoja na Wamohawk wa Kahnawake, nao ni Wahaudenosaunee, wakacheza mbele ya Malkia Victoria kwenye kasri la Windsor. Klabu ya Stockport, karibu na Manchester, ilizaliwa mwaka huo huo na mpaka leo inacheza kwenye uwanja wa Cale Green. Beers alirudi Uingereza na timu mwaka 1883, safari hiyo wakigawa vijitabu vya kuwashawishi Waingereza wahamie Kanada wapewe mashamba. Wazee hawakuhitaji kuelezwa mashamba hayo yalitoka wapi.

Sehemu iliyowagusa zaidi ni ya 1880. Mwaka huo chama cha lakrosi cha Kanada kiliamua kuwa cha ridhaa, wasicheze humo watu wa kulipwa. Inasikika vizuri, ni neno la waungwana. Lakini karani wa benki wa Montreal angeweza kujilipia treni Jumamosi akacheza kwa mapenzi tu, na Mmohawk hakuwa na fedha hiyo. Timu za wenyeji zilikuwa zikitoza ada ili zipate nauli na chakula cha njiani. Hiyo ikahesabiwa malipo, nao wakahesabiwa wa kulipwa, na mlango ukafungwa. Waliotoa mchezo wakatolewa mchezoni kwa hesabu ya tikiti ya treni. Mimi nimesoma kanuni nyingi za michezo, na sijui nyingine iliyofanya ubaya mkubwa hivyo kwa lugha safi hivyo.

Mwalimu alitafsiri kwa Kiborana sehemu zilizokuwa zimepotea, kwa sababu mzee mmoja alikuwa akitaka kuhakikisha. Nauli yao wenyewe? Nauli yao wenyewe.

Hapo mzee wa hina akaanza kusimulia ya kwake, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwingilia. Alikuwa mtoto wakati wa daaba, kama Waborana wanavyoiita miaka ile ya vita na kambi. Serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini Desemba 1963, vita vya shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, na kwenye mwaka wa 1966 watu wa Waso walikusanywa kwa nguvu kwenye kambi, Garbatulla ikiwa mojawapo, pamoja na Merti na Modogashe. Anachokikumbuka ni saa. Lango lilifunguliwa jua likishapanda, mifugo ikatoka na askari, na ikarudishwa mapema, kwa hiyo ng'ombe walikula pale pale karibu na uzio hadi pakabaki udongo. Wale wa nje walipigwa risasi wakihesabiwa ni wa shifta. Familia zilizoingia na ngamia wengi zilitoka zikiwa zinaomba unga. Wavulana walicheza mpira wa matambara ndani ya uzio, siku nzima, maana hapakuwa na mifugo ya kuchunga. Alisema hawajawahi kucheza sana kama wakati ule, na hawakuwa na timu, kwa sababu hapakuwa na wa kucheza nao isipokuwa wao kwa wao.

Mwaka 1970 bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa yaliyotendwa kaskazini. Sheria za hali ya hatari zenyewe zilidumu hadi 1991. Hebu fikiria: mtu aliyezaliwa Garbatulla siku ya uhuru alifikisha umri wa kuwa na watoto kabla nchi yake haijaacha kumhesabu kuwa wa eneo la vita. Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako, ibara ya 39, na bado vijana wa huku walipokwenda kuomba vitambulisho waliitwa mbele ya jopo la kuwapekua nasaba zao, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuuondoa upekuzi huo Februari 2025. Vijana waliokuwa mlangoni mwa hoteli wakisikiliza wana wenzao waliokosa mechi za nje ya kaunti kwa sababu karatasi haikutoka. Walinitajia hayo wakiwa wanacheka, kwa namna watu wanavyocheka jambo lililowachosha.

Basi niliona nimalizie na Manchester, 2010, ingawa saa zilikuwa zimekwenda. Wahaudenosaunee waliunda timu yao ya taifa 1983, na 1990 wakacheza kombe la dunia Perth, Australia, kama taifa. Wanasafiri kwa pasi zao wenyewe, si za Marekani wala za Kanada. Julai 2010 kombe lilikuwa Manchester, jirani na Stockport, kule ambako babu zao waliupeleka mchezo. Uingereza ikasema pasi hizo haizitambui. Wachezaji wakakwama New York wakiwa na mizigo, gharama za hoteli zikipanda, mkurugenzi wa filamu James Cameron akawachangia dola 50,000, Hillary Clinton akiwa waziri wa mambo ya nje akawapa kibali cha mara moja cha kurudi Marekani, na bado Uingereza ikakataa. Mechi zao zikahesabiwa kushindwa. Mashindano yakaendelea.

Mzee aliuliza: "Yaani walikuwa na timu, na nauli wakapewa, wakazuiwa kwa kitambulisho?"

Nikasema ndiyo.

Akageukia wenzake akalisema kwa Kiborana, na ulikuwa mjadala mrefu ambao mwalimu hakunitafsiria wote. Nilichopata ni kwamba walikuwa wakibishana kama wangekubali pasi ya Marekani ili wacheze. Walio wengi walisema wasingekubali. Dereva mmoja wa lori, aliyekuja kutafuta chai tu, alisema yeye angekubali, angeenda, angefunga mabao, kisha angerudi kuomba msamaha. Ugomvi huo bado uko mbele. Lakrosi inarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, uamuzi uliopitishwa Mumbai Oktoba 2023, na Wahaudenosaunee wanaomba kucheza kwa bendera yao, ilhali Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa inataka kamati ya taifa inayotambuliwa nayo.

Kesho yake mwalimu alikuwa na maswali ya aina nyingine kabisa. Historia aliisikia, sasa alitaka idadi. Wachezaji wangapi? Nikamwambia lakrosi ya uwanja mkubwa kwa wanaume ni kumi kila upande. Akakunja uso. Nikamweleza ile itakayochezwa Olimpiki: sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, kikosi kizima kumi na wawili, uwanja wa mita 70 kwa 36, robo nne za dakika nane. Akaniomba nirudie hiyo ya kumi na wawili. Timu ya mpira wa miguu na akiba yake haiingii kwenye Land Cruiser, inahitaji lori, na lori lina siku zake. Kumi na wawili wanaingia. Dakika thelathini na mbili zinatosha kati ya alasiri na magharibi hata ukianza kwa kuchelewa. Nilimweleza kuwa Uganda ilianza na fimbo za msaada, kwa juhudi za shirika la Fields of Growth la kocha Mmarekani Kevin Dugan, na 2014 ikafika Denver, nchi ya kwanza ya Afrika kwenye kombe la dunia la wanaume. Alinisikiliza kwa adabu. Denver haikumshughulisha. Alikuwa akiwaza Kinna.

Nilimpigia rafiki yangu nikamwambia fimbo zake hazirudi. Alinuna kidogo, akauliza kama nilikuwa nimethibitisha hoja yake. Nikamwambia nusu: kurusha ndiyo, kudaka hapana, na aliyedaka hakuwa mchungaji, alikuwa kidato cha tatu. Akasema basi zibaki, ila kuna moja yenye mpini mweusi aliyoipenda.

Mwalimu alikuwa ameshazimwaga zote mezani kwenye chumba cha walimu. Msichana wa kidato cha tatu alikuwa amesimama hapo akikaza kamba za kikapu kimoja kwa meno. Nilidhani wanahesabu za shule. Walikuwa wanazigawa mafungu mawili, kwa maana kucheza wao kwa wao mwalimu aliona ni kupoteza muda, na Kinna hawana fimbo. Fungu moja litapanda gari la miraa linalorudi tupu kuelekea Maua, likashushwe Kinna kwa mwalimu mwenzake, na barua ya changamoto juu yake. Dereva hatatoza kitu, ni ndugu. Niliuliza ni nani aliyechagua fimbo zipi ziende. Msichana akavuta kando zile zilizochanika nyavu, akaziweka kwenye fungu la Kinna, na ile ya mpini mweusi akaibakisha mkononi.